Isale Halifi kwa Kusahauliwa, Ila Mpaka Husogea

Kila mwaka ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, mabasi na magari madogo huanza kupanda mlima. Wenye nyumba zilizofungwa tangu sikukuu iliyopita, na wengine tangu miaka saba au minane nyuma, hufungua madirisha, hufagia uwanja, kisha hutoka kwenda kukitazama kihamba. Wanachokikuta mara nyingi hakifurahishi. Migomba ambayo haikupunguzwa machipukizi imesongamana na kutoa mikungu myembamba isiyofaa hata kwa mtori. Mibuni imerefuka ikitafuta mwanga, na matawi yake ya chini yamekauka. Mfongo uliokuwa ukipitisha maji nyuma ya zizi umefukiwa na majani. Katikati ya uchakavu huo wote kuna mmea mmoja ambao hakuna aliyeukumbuka, hakuna aliyeulipia kibarua wala kuupelekea ndoo ya maji, nao umesimama vilevile, kijani, ukiwa umenenepa kuliko ulivyoachwa. Mmea huo ni isale.

Wazee waliolichagua isale kuwa alama ya mpaka walijua walichokuwa wakikifanya. Walihitaji kitu kitakachobaki mahali pake hata mwenyewe akisafiri, akiugua au akifariki. Makala haya yanaeleza jinsi isale linavyoweza kuishi bila mtunzaji, na pia jambo moja ambalo wakazi wengi hawalifahamu: kwamba mmea huo ukiachwa muda mrefu bila kutazamwa hubaki hai, lakini haubaki pale ulipopandwa. Jambo hilo lina uzito hasa kwa wanaofikiria kuomba Hati ya Hakimiliki ya Kimila.

Mmea wa chini ya msitu

Isale, ambalo kwa jina la kisayansi huitwa Dracaena fragrans, ni mmea wa kudumu wa misitu ya Afrika ya kitropiki. Kwa asili hukua chini ya miti mikubwa, na likiachwa msituni huweza kufikia urefu wa mita 15. Majani yake marefu yenye kujipinda huwafanya wageni walifananishe na mhindi, lakini si jamii ya mahindi. Wataalamu wa mimea huliweka katika familia moja na mkonge, na anayeijua mikonge ya mashamba ya tambarare hatashangaa kusikia kwamba ndugu hao wawili hurithishana uvumilivu.

Uvumilivu wa isale umo kwanza katika shina. Ndani ya shina kuna akiba ya maji na chakula, na kwa akiba hiyo mmea huvuka kiangazi kinachoiangusha mimea mingine ya bustani. Majani yake ni mapana, magumu kiasi, na yana utando wa nta unaozuia maji yasipotee haraka. Ukame ukizidi, isale halikaushi majani yote kwa pamoja. Huanza kuyaacha ya chini, yale ya zamani, moja baada ya jingine, na kuyalinda ya kileleni. Ndiyo maana isale lililotelekezwa huonekana kama fimbo ndefu yenye shada la majani juu. Mwenye kihamba hudhani linakufa, ilhali limepunguza matumizi tu, kama familia inayozima taa za vyumba visivyolaliwa na mtu.

Kuna sababu nyingine, na pengine hiyo ndiyo kubwa zaidi. Kihamba kilichoachwa hugeuka kichaka, na ndani ya kichaka kuna giza. Maharage, magimbi na mboga hushindwa katika giza hilo, na hata mibuni iliyozoea kivuli cha wastani hudhoofika. Isale halishindwi. Limeumbwa kuishi chini ya msitu, kwa hiyo kusahauliwa kwa kihamba hulirudisha katika hali ya nyumbani kwake. Yale yanayoonekana kwa mwenye shamba kuwa ni maangamizi, kwa isale ni mapumziko.

Tena isale hujiponya. Juu ya shina lake kuna pete nyingi, kila pete ikiwa kovu la jani lililodondoka, na kwenye pete hizo kuna macho yaliyolala. Kilele kikiwa kizima, macho hayo huendelea kulala. Kilele kikikatwa na panga, au kikivunjwa na tawi la mgrevilea lililoanguka usiku wa upepo, macho mawili au matatu yaliyo chini ya jeraha huamka na kutoa vilele vipya. Kwa hiyo anayelikata isale kwa hasira, akidhani amelimaliza, amelizidisha tu.

Ushahidi wa nguvu hiyo unapatikana mbali na Afrika. Tangu karne ya 19 mmea huu umekuwa ukipandwa kwenye vyungu ndani ya nyumba za Ulaya, na leo ni miongoni mwa mimea ya ndani inayouzwa sana duniani. Huko Costa Rica kuna mashamba ambayo hukata mashina ya isale kama magogo madogo, hupaka nta sehemu ya juu iliyokatwa, na kuyasafirisha kwa meli hadi nchi nyingine, yakiwa hayana udongo wala mizizi. Yakifika na kuwekwa kwenye unyevu, huchipua. Chungu chenye isale la majani yenye mstari wa manjano katikati, ambacho mkazi hukiona kwenye mapokezi ya hoteli au benki mjini, kina ndugu wa damu wa mmea ulioko mpakani kwake kijijini.

Jambo dogo kwa wanaolifuga isale chunguni: ncha za majani zikigeuka kahawia ilhali mmea unapata maji ya kutosha, mara nyingi chanzo ni madini ya floridi. Isale huyahisi madini hayo kuliko mimea mingi, na baadhi ya vyanzo vya maji katika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha vina floridi nyingi. Kumwagilia maji ya mvua huleta nafuu. Hata hivyo jani la isale si kipimo cha maji ya kunywa. Kazi hiyo ni ya maabara.

Kinachoweza kuliangamiza

Isale lina udhaifu wake. Maji yaliyotuama kwenye mizizi kwa muda mrefu huozesha sehemu ya chini ya shina, na hili hutokea mahali ambapo mfongo umepasuka na hakuna wa kuuziba. Moto mkali wa kuchoma majani kavu huunguza macho yaliyolala. Dawa za kuua magugu zikipulizwa kwa uzembe kandokando ya mpaka hulidhoofisha, na siku hizi dawa hizo zimekuwa jambo la kawaida kwa vibarua wanaolipwa kwa kazi badala ya siku. Kuchimbua mizizi yote huliondoa kabisa. Ukiondoa hayo, ni vigumu kulimaliza.

Wapo wakazi wanaoona uzio wa seng'enge kuwa wa kisasa zaidi. Seng'enge ina kazi yake, hasa kuzuia mifugo, lakini nguzo za miti huliwa na mchwa, waya hushika kutu, na uzio usiofanyiwa ukarabati kwa miaka kumi huwa hauonyeshi chochote isipokuwa misumari ardhini. Isale lililopandwa siku ileile litakuwa bado lipo.

Jinsi mpaka unavyotembea

Uhai huo wa isale ndio unaoleta mkanganyiko. Isale lisilopunguzwa hurefuka. Kwa kuwa shina lake ni jembamba likilinganishwa na uzito wa majani ya juu, huanza kuinama, na kwenye mteremko huinamia upande wa chini. Mwaka mmoja wa mvua nyingi hulilaza kabisa. Pale shina lililolala linapogusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi, na kilele hujiinua tena kuelekea juu. Miaka ikipita, kisiki cha zamani huzeeka, huoza na kufunikwa na majani. Kinachobaki kuonekana ni isale zuri, lililonyooka, lililosimama mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kulipanda.

Hesabu yake ni nyepesi. Isale lenye urefu wa mita 2 likilala na kuota mizizi karibu na kilele, mmea mpya husimama kama mita 1.5 kutoka kwenye kisiki. Mpaka wenye urefu wa mita 40 ukisogea hivyo wote, ni mita za mraba 60. Kwa migomba iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hilo ni eneo la mashina sita na ziada kidogo. Katika vihamba ambavyo vimegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi kubaki sehemu ya ekari, migomba sita ni chakula cha nyumba.

Zipo njia nyingine za isale kuhama. Vipande vinavyokatwa wakati wa kufyeka na kutupwa pembeni huota vilevile vilivyolala. Na isale lililoachwa kwa miaka huchanua: hutoa vishada vya maua meupe yanayonukia sana nyakati za usiku, kisha matunda madogo ya rangi ya chungwa ambayo ndege huyala na kuzidondosha mbegu popote. Hivyo katika mpaka uliosahauliwa kwa muda mrefu mtu anaweza kukuta masale matatu katika sehemu moja, na ni moja tu kati ya hayo lililowekwa na mkono wa binadamu.

Mwenye kihamba anaporudi, humkuta jirani akilima hadi kwenye isale lililosimama ndani ya eneo ambalo yeye analikumbuka kuwa la baba yake. Anadhani isale limehamishwa usiku. Jirani naye, ambaye huenda alizaliwa au kuolewa hapo baada ya shina kulala, anajua kwamba hajagusa kitu. Wote wawili wanasema kweli. Hakuna aliyeng'oa, hakuna aliyehamisha, na hakuna aliyeiba. Ila maneno yakishatoka, na hasa yakitoka mbele ya watoto, huwa magumu kurudishwa kuliko hata ardhi yenyewe.

Kabla ya kufika huko, mpaka wenyewe unaweza kuulizwa. Shina la isale, tofauti na la mnazi, huendelea kunenepa kadiri miaka inavyopita. Kwa hiyo kisiki kinene chenye makovu mengi ya panga yaliyopona, kikiwa kwenye udongo na mwanga unaofanana na wa jirani yake, kwa kawaida ni cha zamani kuliko fimbo nyembamba iliyonyooka. Shina lililolala na kuota huwa na kiwiko karibu na ardhi, na likifukuliwa taratibu kwa mkono huonyesha lilikotokea. Mizizi ya isale ni minene na ina rangi ya chungwa, rahisi kuitofautisha na ya mibuni au ya migomba, hivyo hata mahali ambapo kisiki kimefunikwa na udongo inaweza kuonekana. Na anayesimama kwenye kona moja akatazama kona nyingine ataona masale yaliyopandwa yakifuata mstari, na yale yaliyojiotea yakitoka nje ya mstari huo. Uchunguzi wa namna hii ufanywe na pande zote mbili zikiwapo. Anayefukua peke yake, hata kwa nia njema, huharibu ushahidi na kujitilia shaka mwenyewe.

Jani la kuombea radhi

Kwa Wachaga, isale halikuwa alama ya mpaka peke yake. Aliyemkosea mwenzake alimpelekea jani la isale kuomba msamaha, na aliyepelekewa alitarajiwa asilikatae. Lilipandwa pia kwenye makaburi ya wazazi, ndani ya kihamba kilekile. Upareni nako linaheshimiwa kama mmea wa mipaka na wa mahali patakatifu, na katika nyanda za juu za Kamerun, mwendo wa mbali kabisa kutoka hapa, jamii kadhaa hutumia mimea ya jenasi hiyohiyo kuonyesha amani. Mmea wa kugawa ardhi na wa kupatanisha waliogombana ukiwa ni mmoja, ni dhahiri kwamba waliouchagua walijua mambo hayo mawili hayakai mbalimbali.

Mpangilio wa vihamba ambao isale ni sehemu yake, yaani miti mikubwa juu, migomba na mibuni chini yake, na mazao ya chakula karibu na ardhi, umepata kutambuliwa nje ya nchi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua Shimbwe Juu, katika mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, kuwa miongoni mwa maeneo ya urithi wa kilimo duniani. Heshima hiyo haizuii ukweli kwamba vihamba vingi vinazidi kuachwa mikononi mwa wazee, kwa kuwa vijana wapo mijini.

Pale karatasi inapohitajika

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Sura ya 114, inaipa Halmashauri ya Kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji na kutoa Hati ya Hakimiliki ya Kimila, ilimradi kijiji chenyewe kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji. Mwombaji huwasilisha maombi kwa Halmashauri ya Kijiji, na kabla ya hati kuandaliwa mipaka ya eneo huhakikiwa uwandani, majirani wakiwapo. Wahakiki hutembea kwenye mpaka wakiwa na kifaa kinachopokea mawimbi ya setilaiti, na kila kona huandikwa kwa namba.

Hapo ndipo mahali pa kuwa makini. Kifaa hakijui kisiki cha zamani kilikuwa wapi. Kinarekodi mahali ambapo mhusika amesimama, naye kwa kawaida husimama penye isale. Ikiwa isale limetembea mita moja na nusu, mita hiyo na nusu itaingia kwenye hati, itatiwa saini na kusajiliwa. Kosa ambalo kabla ya hapo lingeweza kumalizwa kwa panga, kamba na mazungumzo ya nusu siku, baada ya hapo litahitaji marekebisho ya hati. Kwa sababu hiyo inashauriwa majirani waurudishe mpaka wao mahali pake kabla ya siku ya uhakiki. Kusubiri wataalamu wafike ndipo mabishano yaanze hupoteza muda wa kila mtu, na mara nyingine husababisha eneo zima kurukwa.

Walio mbali na kijiji wanapaswa kufahamu mambo mawili zaidi. La kwanza, sheria hiyo inaeleza mazingira ambayo ardhi ya kijiji inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa, na mojawapo ni kutotumika kwa muda usiopungua miaka mitano. Kuipumzisha ardhi kwa ajili ya rutuba hakuhesabiwi kuwa ni kuitelekeza, lakini lazima awepo mtu wa kulieleza hilo. La pili, Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inaweka kikomo cha miaka 12 kwa madai ya kurejeshewa ardhi. Anayeona eneo lake limeingiliwa, akanyamaza kwa heshima ya ujirani mwaka baada ya mwaka, anaweza kujikuta hana tena nafasi ya kusikilizwa. Masale yaliyo hai hayatamsemea. Ni vyema kila kihamba kisicho na mkazi kiwe na msimamizi anayejulikana kwa mwenyekiti wa kitongoji, na makubaliano naye yawe kwa maandishi, hata kama msimamizi huyo ni shangazi au mtoto wa kaka.

Sheria hiyohiyo inatamka kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki, kutumia na kushughulika na ardhi ni sawa na ya mwanamume. Hili linatajwa hapa kwa sababu maalumu. Katika kaya nyingi, anayebaki kihambani baada ya mume kufariki ni mjane, na yeye ndiye anayejua kila isale lilipandwa lini na nani. Uhakiki unaofanywa kwa kuwasubiri watoto wa kiume kutoka mjini, huku mama akiachwa jikoni, humwacha nje shahidi bora kuliko wote.

Mgogoro ukishatokea, mahali pa kuanzia ni kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo huwa na wajumbe saba wakiwamo wanawake wasiopungua watatu, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo husuluhisha. Kuna wakazi ambao bado hulifikia wakitarajia hukumu, kwa kuwa zamani lilikuwa likiamua mashauri. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka hayo katika migogoro ya ardhi. Usuluhishi ukishindikana, Baraza la Kata huthibitisha hivyo, na ikiwa siku 30 zimepita bila suluhu mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kuna gharama, kuna nauli, na kuna kuahirishwa. Kwa mgogoro wa isale lililolala, ni safari ndefu mno.

Kuurudisha mpaka

Kazi ya kurekebisha mpaka uliosahauliwa haihitaji fundi. Majirani wawili, mashahidi kutoka kila upande na mwenyekiti wa kitongoji hukubaliana kwanza kuhusu kona, kwa kuwa kona zikikubalika mstari hujileta wenyewe. Kamba huvutwa kutoka kona moja hadi nyingine. Masale yaliyo kwenye kamba huachwa. Yaliyo nje ya kamba, baada ya pande zote kukubali, hung'olewa na mizizi yake, na mashina yake ndiyo yanayotumika kuziba mianya iliyobaki. Umbali wa kila kona kutoka kwenye kitu kisichohama, kama mwamba au msingi wa nyumba, hupimwa kwa futi ya kupimia na kuandikwa kwenye karatasi ambayo wote hutia saini, nakala moja ikibaki kwa Mtendaji wa Kijiji.

Kipande cha kupanda kichaguliwe kwenye shina lililokomaa, si lile la kijani la kileleni, chenye urefu wa sentimita 30 hadi 60. Kiachwe siku moja au mbili kivulini ili jeraha likauke, kisha thuluthi yake ifukiwe, upande uliokuwa chini ukiwa chini. Wanaofanya haraka hukipanda kichwa chini na kushangaa kwa nini hakioti. Machi, masika yanapoanza, ndio wakati mzuri zaidi. Hata hivyo Desemba ndiyo inayowakutanisha watu, na udongo wakati huo huwa bado na unyevu wa vuli, kwa hiyo si kosa kupanda Desemba ikiwa kuna wa kulitazama hadi mvua zirudi. Mizizi huchukua wiki kadhaa, na zaidi kidogo katika vijiji vya juu kwenye baridi. Kipande kisichotoa jani kwa mwezi mzima kisiharakishwe kung'olewa.

Baada ya hapo, matunzo ni ya mara moja kwa mwaka. Isale likatwe kilele kabla halijapita urefu wa mtu, ili lisiiname. Shina linaloanza kulala likatwe karibu na kisiki, nacho kitachipua tena pale pale. Vipande vilivyokatwa visitupwe mpakani. Vipelekwe mbali, au viachwe vikauke kabisa juani. Mwenye mbwa au paka ajue kwamba majani ya isale huwadhuru wanyama hao wakiyatafuna, ingawa ni nadra wao kuyapenda.

Asiye na masale ya kutosha kuziba mianya yake hana haja ya kutafuta bustani ya miche. Vipande hivyo hukatwa bure kwenye mpaka wa jirani, na jirani wa kuombwa kwanza ni yule mnayepakana naye, kwa kuwa shina likikatwa upande wake naye atakuwepo kuona linapochimbiwa.